Kipimo cha ERG: Mwongozo kamili kwa mwenye ugonjwa wa retina wa kurithi na msindikizaji wake

Mzazi anatoka kisiwa cha Ukerewe na mtoto asiyeona giza likiingia. Anafika Mwanza mjini, anaandikiwa rufaa ya kwenda kupimwa ERG, yaani kipimo cha umeme wa jicho, ukoo mzima unamchangia nauli. Mtoto anapimwa, kisha wanarudi na karatasi iliyoandikwa kwamba kipimo hakikufaa na kirudiwe. Haya yanatokea mara nyingi mno, na mara nyingi chanzo si mashine. Ni mafuta usoni, ni simu iliyowashwa gizani, ni picha ya jicho iliyopigwa dakika chache kabla.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa na msindikizaji wake, wote wawili. Kazi nyingi ya kulinda kipimo hiki iko mikononi mwenu, na hakuna anayewaambia mapema.

Jambo moja tu la msingi kabla hatujaanza. Retina, ule utando ulio nyuma ya jicho, hutoa umeme kidogo sana kila inapopigwa na mwanga. ERG inaupima umeme huo. Retina ina seli za aina mbili zinazopokea mwanga: rodi, zinazotusaidia kuona gizani na pembeni, na koni, zinazotupa rangi na uoni wa mchana. Katika retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaompata takriban mtu 1 kati ya 4,000, kwa kawaida rodi huanza kufa kwanza. Ndiyo maana mgonjwa anajikwaa jioni huku mchana anasoma vizuri, na ndiyo maana kijana anayekwenda ziwani kuvua dagaa usiku hugundua tatizo lake mapema kuliko mwenzake anayelala saa mbili.

## Vitu vya kuandaa

- Barua ya rufaa inayosema daktari anatafuta nini, si jina la kipimo peke yake.
- Majibu yote ya zamani, pamoja na picha za retina kama zipo.
- Karatasi yenye majina ya dawa zote ulizotumia, hata za miaka iliyopita.
- Mchoro wa ukoo (nitaueleza hatua ya 3).
- Sabuni ya kawaida na kitambaa safi.
- Miwani ya jua au kofia ya pama, na kanga moja nzito.
- Kwa mtoto: chakula, maji, na kitu cha kuchezea kinachotoa sauti bila kuwaka taa.
- Msindikizaji mtu mzima anayeweza kukaa bila simu kwa saa nzima.

## Hatua ya 1: Piga simu kabla ya kukata tiketi

Si kila hospitali yenye kliniki ya macho ina mashine hii, na mashine iliyopo inaweza kuwa imeharibika. Usipande meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, wala basi la stendi ya Nyegezi, Mwanza, kwa kusikia tu. Piga simu uulize: mashine inafanya kazi wiki hii? Mpimaji yupo siku gani? Mnatumia elektrodi (kinasa umeme kinachogusa jicho au ngozi) ya aina gani kwa watoto? Bima inalipa, au ni fedha taslimu?

Uliza pia kama siku hiyohiyo kuna vipimo vingine vya macho. Wakisema ndiyo, omba ERG iwe ya kwanza. Picha za retina hupigwa kwa mwanga mkali, na jicho lililotoka kupigwa mwanga huo haliko tayari kupimwa. Ikiwa picha zimeshapigwa, jicho lipumzishwe angalau nusu saa kwenye mwanga wa kawaida wa chumba kabla ya kuingia gizani.

Umefanikiwa ukiwa na: tarehe, saa, gharama, na jina la kitengo utakakoripoti.

## Hatua ya 2: Hakikisha ERG ndiyo inayotakiwa

ERG ya kawaida hupima retina nzima kwa pamoja. Ugonjwa ukiwa umeshika sehemu ndogo ya katikati tu, ile tunayosomea, kipimo kinaweza kutoka kizuri kabisa huku mgonjwa haoni maandishi. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji ERG ya aina nyingine, inayopima eneo moja moja. Vilevile ERG haipimi mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Presha ya macho inaweza kumpofusha mtu na ERG yake ikabaki nzuri.

Kwa hiyo mwambie daktari dalili kwa mpangilio: ilianza lini, usiku au mchana, pembeni au katikati, jua linamuumiza au la, macho yanacheza au yametulia. Mtoto mwenye ualbino ambaye macho yake yanacheza, kwa kawaida ERG yake ni nzuri. Kumsafirisha mbali kwa kipimo hiki bila swali jingine ni kumchosha bure.

## Hatua ya 3: Chora ukoo

Chukua karatasi. Andika babu na bibi wa pande zote mbili juu, wazazi na ndugu zao katikati, watoto chini. Weka alama kwa kila mtu aliyekuwa haoni usiku au aliyepofuka kabla ya uzee. Andika pia kama wazazi wana undugu wa damu.

Usiishie kwenye macho. Andika nani ni kiziwi, kwa sababu kuna retinitisi pigmentosa inayokwenda pamoja na uziwi, inaitwa sindromu ya Usher. Andika mtoto aliyezaliwa na vidole vya ziada na akawa mnene mno tangu udogoni, kwa sababu hiyo nayo inaweza kuwa sindromu ya Bardet-Biedl.

Mchoro huu humsaidia daktari kujua ugonjwa unapita njia gani. Ukiwa wa kufichika kwa wazazi wote wawili, kila mtoto anayezaliwa ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuugua. Mzazi mmoja akiwa na ugonjwa wa aina inayojitokeza moja kwa moja, ni asilimia 50. Kuna aina inayopita kwa mama na kushika zaidi watoto wa kiume. Mama asilaumiwe kwa hilo, maana hakuna mtu anayejichagulia jeni zake.

Tahadhari: wazee wanaweza kusema yule aliyepofuka alirogwa. Usibishane nao. Uliza tu alianza kutoona akiwa na umri gani, na kama ilianza usiku. Jibu la maswali hayo mawili linamtosha daktari.

## Hatua ya 4: Ondoa kwanza yale yanayotibika

Hatua hii inarukwa sana, na inaniuma kwa sababu ndiyo inayoweza kumrudishia mtu macho yake.

Upungufu wa vitamini A huleta upofu wa usiku na hushusha umeme wa rodi kwenye ERG, ukafanana na ugonjwa wa kurithi. Tofauti ni kwamba huu unatibika, na umeme unaweza kurudi. Mtoto aliyeugua surua hivi karibuni, aliyeharisha kwa muda mrefu, au aliyekosa matone ya vitamini A yanayotolewa kila baada ya miezi sita kwa walio chini ya miaka mitano, achunguzwe kwanza. Mabaka meupe kama povu kwenye weupe wa jicho ni ishara kubwa.

Usinunue vidonge vya vitamini A mwenyewe dukani. Dozi kubwa ni hatari kwa mimba, na kuna magonjwa ya retina ya kurithi ambayo vitamini A ya ziada huyazidisha. Viazi lishe kwenye chakula ni sawa. Vidonge viandikwe na daktari.

Kisha dawa. Kwinini iliyozidi kipimo inaweza kuharibu retina ghafla. Klorokwini na hidroksiklorokwini zikitumiwa kwa miaka huweza kufanya hivyo taratibu, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili pia. Kaswende nayo inaweza kuacha retina yenye madoa yanayofanana na ya kurithi, hivyo kipimo cha damu ni halali kuombwa. Usione aibu, wala usimwonee aibu mgonjwa wako.

Na kama kuna dawa ya majani iliyotiwa machoni, sema. Kioo cha mbele cha jicho kikiwa na kidonda, elektrodi haiwekwi juu yake mpaka kipone.

## Hatua ya 5: Asubuhi ya kipimo

Oga, nawa uso kwa sabuni, usipake chochote. Si mafuta ya mgando, si losheni, si poda, si wanja. Mama anapenda mtoto ang'ae anapokwenda mjini, lakini elektrodi hushikwa kwenye ngozi ya paji la uso na pembeni ya jicho, na mafuta huzuia umeme usipite. Mafuta ya nywele nayo huteremka usoni kwa joto, kwa hiyo yaache siku hiyo. Hereni zivuliwe, wigi livuliwe, rasta zifungwe nyuma.

Kula kama kawaida, isipokuwa hospitali imesema mtoto atapewa dawa ya usingizi. Hapo fuata saa za kufunga walizokupa bila kupunguza hata kidogo, kwa ajili ya usalama wa pumzi yake.

Njiani mgonjwa avae kofia au miwani ya jua. Ukitoka visiwani, asikae juu ya meli akitazama maji. Jua linalorudishwa na ziwa ni kali, na macho yake yanatakiwa yafike yamepoa.

Mwambie mpimaji mapema kama mgonjwa ana kifafa, presha ya macho, mzio wa dawa, au ujauzito.

## Hatua ya 6: Matone ya kupanua mboni

Matone huwekwa ili mboni ifunguke na mwanga ufike kwenye retina yote. Mboni ikiwa ndogo, retina hutoa umeme mdogo, na umeme mdogo husomeka kama ugonjwa. Kwa macho meusi kama yetu matone huchukua muda, na mara nyingine hurudiwa.

Umefanikiwa ikiwa: mboni zote mbili zimekuwa kubwa na zinalingana, na mpimaji ameandika ukubwa wake. Moja ikibaki ndogo, mwonyeshe kabla ya kuingia gizani.

## Hatua ya 7: Dakika 20 za giza

Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika.

Rodi zina rangi maalumu inayonasa mwanga. Mwanga mkali huivunja, na giza huijenga upya, lakini taratibu. Kanuni za kimataifa za kipimo hiki zinataka giza kamili lisilopungua dakika 20. Giza likivunjwa, rodi zinaonekana dhaifu kuliko zilivyo. Sasa fikiria unachotafuta: kama rodi zinakufa au la. Ndugu mzima wa mgonjwa akichungulia simu dakika ya 15, anaweza kuandikiwa ugonjwa asiokuwa nao.

Zima simu, usiiweke mtetemo tu, maana kioo huwaka ujumbe ukiingia. Vua saa inayowaka. Kisha kagua chumba kabla taa haijazimwa: ile taa ndogo ya kijani ya kiyoyozi, ile nyekundu ya betri ya kompyuta, na mwanya chini ya mlango. Kanga uliyobeba ina kazi hapa. Ikunje uizibe kwenye mwanya huo, kwa ruhusa ya mpimaji. Vituo vingine humfunga mgonjwa macho kwa kitambaa kizito badala ya kutegemea chumba. Hapo kazi yako ni kuhakikisha mtoto hakivuti.

Mtoto anayeogopa giza usimtishe wala kumdanganya kwamba ni dakika moja. Mpakate, mshike mkono, mtegee vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Dakika 20 zinapita mkicheka, naye anafika kwenye mashine akiwa ametulia. Kwa mtoto asiyeona usiku, giza ni jambo zito kuliko kwetu, kwa hiyo asiachwe peke yake hata kidogo.

Mtu akifungua mlango na mwanga ukaingia, usinyamaze kwa heshima. Sema, "Samahani daktari, mwanga umeingia, naomba tuhesabu upya." Mpimaji mzuri atashukuru.

Umefanikiwa ikiwa: kuanzia hapo mpaka sehemu ya giza iishe, mwanga pekee uliowashwa ni ule hafifu mwekundu wa mpimaji. Rodi haziusikii sana.

## Hatua ya 8: Elektrodi

Zipo tatu kwa kila jicho, au mbili na moja ya pamoja. Moja hugusa jicho au ngozi ya chini ya kope, moja hukaa pembeni ya jicho karibu na panja, na moja kwenye paji la uso au ndewe ya sikio.

Ile ya jicho inaweza kuwa uzi mwembamba kuliko unywele, wenye fedha ndani yake. Kwanza unatiwa tone la ganzi, linawasha kwa sekunde chache kisha linanyamaza. Mpimaji anakwambia utazame juu, anavuta kope la chini, analaza uzi kutoka kona moja ya jicho hadi nyingine. Unapopepesa unakaa wenyewe kwenye ukingo wa kope. Unausikia kama unywele ulioingia jichoni, hauumi. Usifikiche.

Watoto wadogo hupimwa kwa elektrodi za ngozi. Umeme wake ni mdogo zaidi, lakini mtoto aliyetulia na elektrodi ya ngozi ni bora mara nyingi kuliko anayepigana na elektrodi ya jicho.

Umeme wa gridi yetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na chaja iliyochomekwa karibu inaweza kuingia kwenye mchoro. Chomoa. Kabla ya mmweko wa kwanza, mstari kwenye skrini unatakiwa uwe karibu kunyooka. Ukiwa na vijimawimbi vinavyolingana sawasawa, ngozi isafishwe tena na elektrodi ibandikwe upya.

## Hatua ya 9: Mimweko

Mgonjwa huweka kidevu mbele ya bakuli kubwa jeupe na kutazama nukta ndani yake. Asipoiona, atazame mbele tu. Kwanza mimweko hafifu inayopima rodi peke yake, kisha yenye nguvu inayoamsha rodi na koni pamoja. Kati ya mmweko na mmweko kuna kusubiri, kuanzia sekunde 2 hadi 20, ili rodi zipumue. Ukimya huo si hitilafu.

Pepesa na kumeza mate wakati wa kusubiri, si wakati wa mmweko. Legeza taya, usikaze meno, na bigijii itemwe nje. Misuli ya uso ina umeme mwingi kuliko retina, na itaifunika.

Kisha taa huwashwa ndani ya bakuli kwa dakika 10 ili rodi zizimike na koni zibaki. Hufuata mmweko mmoja mmoja, halafu mimweko ya haraka takriban 30 kwa sekunde. Rodi haziwezi kufuata kasi hiyo, kwa hiyo kinachoandikwa ni cha koni tu.

Umefanikiwa ikiwa: kila mmweko umerudiwa na michoro yake inalaliana. Usitoke chumbani kabla ya kuuliza, "Michoro imerudiwa na inafanana?" Kuuliza hapo ni bure. Kuuliza ukiwa Nansio kuna nauli.

## Hatua ya 10: Kusoma karatasi

Utaona mchoro unaoshuka kwanza, hilo ni wimbi a, kutoka kwenye rodi na koni zenyewe. Kisha unapanda juu, wimbi b, kutoka kwenye seli za safu inayofuata. Urefu huandikwa kwa mikrovolti, na mikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti. Muda huandikwa kwa milisekunde. Linganisha na viwango vya kituo hichohicho, si vya kituo kingine wala vya mtandaoni.

Rodi zikiwa chini sana na koni zimeshuka au zimechelewa, hiyo ndiyo sura ya retinitisi pigmentosa. Rodi zikiwa nzuri na koni hazipo kabisa, kwa mtoto anayekimbia jua na asiyetofautisha rangi, daktari atafikiria akromatopsia. Wimbi a likiwa zuri na b dogo kuliko a, inaweza kuwa upofu wa usiku wa kuzaliwa usiozidi kuharibika, au kwa mvulana, kupasuka kwa tabaka za retina kunakorithiwa kwa mama. Mchoro ulionyooka kwa mtoto mchanga asiyefuata uso wa mama yake huelekeza kwenye ugonjwa wa Leber wa kuzaliwa.

Sasa hili lisomwe kwa utulivu. Mchoro ulionyooka kwa mtu mzima mwenye retinitisi pigmentosa haumaanishi amepofuka, wala hautaji mwaka atakaopofuka. ERG hujumlisha retina nzima. Kipande kidogo cha katikati kilichobaki hai ni kidogo mno kwa mashine kukinasa, lakini kinamtosha mtu kusoma, kushona nyavu na kuwatambua wanawe. Wapo walioacha shule kwa sababu ya mstari ulionyooka huku wakiusoma wenyewe. Msiruhusu hilo nyumbani kwenu.

ERG pia haisemi ni jeni gani yenye hitilafu. Jeni hutafutwa kwenye damu au mate, na ina maana kwa sababu tiba ya jeni kwa wenye hitilafu kwenye jeni iitwayo RPE65 iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Kwa aina nyingi nyingine bado hakuna tiba, na anayekuuzia matone ya kurudisha retina anakuibia.

## Hatua ya 11: Baada ya kipimo

Usifikiche macho mpaka ganzi iishe, kama nusu saa hivi, maana unaweza kujichubua bila kusikia. Uoni wa karibu utakuwa na ukungu kwa saa kadhaa, wakati mwingine hadi kesho yake kwa matone yenye nguvu. Usiendeshe bodaboda wala mtumbwi siku hiyo. Jicho likiwa jekundu na kuuma siku inayofuata, nenda kliniki ya macho iliyo karibu.

Mtoto wa shule akae mbele, na mwalimu aambiwe kwamba asipewe zamu za jioni wala kuitwa mzembe akigonga dawati. Ndugu zake wanaojikwaa usiku nao wapelekwe kupimwa.

Karatasi ya majibu ipige picha, nakala ikae kwa ndugu mwingine, na hakikisha imeandika aina ya elektrodi iliyotumika. Akirudi kupimwa miaka ijayo, aombe elektrodi ya aina ileile na ikiwezekana mashine ileile, kwa sababu mikrovolti za uzi wa jicho na za ngozi hazilinganishwi, na mtu anaweza kuambiwa ugonjwa umezidi kumbe kilichobadilika ni elektrodi.